Laptopu ya Kwanza ya Mwanachuo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na vyuo vikaanza kuita wanafunzi, maswali haya hunirudia yaleyale. Mzazi amejikusanya, fedha inatosha laptopu moja tu, na hakuna nafasi ya kukosea. Wengi hununua zilizotumika, zile zilizoshuka kutoka Ulaya na Marekani na kupangwa kwenye maduka ya Kariakoo, au Luthuli Avenue kwa walio Nairobi, kwa hiyo majibu mengi yameelekea huko. Anayenunua mpya anaweza kuanzia sehemu ya siku ya kwanza nyumbani.

## Kabla ya kutoa fedha

Ninunue mpya ya bei nafuu au iliyotumika?

Kwa bajeti ndogo mimi huchagua iliyotumika. Laptopu mpya za bei ya chini kabisa mara nyingi zina prosesa (ubongo wa mashine) dhaifu ya Celeron, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 iliyochomelewa kwenye ubao wenyewe. Windows peke yake inameza sehemu kubwa ya hizo GB 64, na baada ya masasisho machache nafasi inakwisha. Ukitaka kuongeza, fundi atakwambia haiwezekani, na atakuwa anasema kweli.

Kwa fedha hiyohiyo unaweza kupata Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad iliyotumika. Hizi zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi: bawaba zake ni imara, kibodi inavumilia, na vipuri vyake mafundi wetu wanavyo na wanavijua. Kampuni za nje huziondoa baada ya miaka michache hata kama bado zina nguvu. Hatari yake iko kwenye betri na kwenye kufuli za mwenye mali wa zamani, na ndiyo maana sehemu hizo mbili nimeziandika kwa kirefu hapa chini.

Sifa za chini kabisa ziwe zipi?

RAM ya GB 8, hifadhi ya SSD ya GB 256, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi. Hiyo inamtosha mwanafunzi wa sheria, ualimu, uhasibu, uuguzi na fani nyingi nyingine. Anayekwenda kusoma usanifu majengo au uhandisi, ambako kuna michoro mizito, atafute RAM ya GB 16, na ni vizuri aulize kwanza waliomtangulia chuoni wanatumia programu gani.

Usikubali kubadilishiwa SSD kwa HDD eti kwa sababu HDD ina GB 500. HDD ni sahani inayozunguka, na sindano inayosoma inabidi itembee kutafuta kila faili. SSD haina kitu kinachozunguka. Laptopu ileile inayochukua dakika mbili kuwaka ikiwa na HDD itawaka chini ya nusu dakika ukiiwekea SSD, tena haitajeruhiwa kirahisi na mitikisiko ya daladala.

Kizazi cha prosesa nakijuaje?

Soma namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7. Kwenye i5-8350U, tarakimu ya kwanza ni 8, basi ni kizazi cha nane. Kwenye i5-1135G7 namba inaanza na 11, basi ni cha kumi na moja. i5-6300U ni cha sita. Muuzaji akisema tu "hii ni Core i7, mashine kubwa", muulize i7 ya kizazi gani: i5 ya kizazi cha nane mara nyingi inaishinda i7 ya kizazi cha nne, na kwa umeme inakula kidogo.

Usiisome kwenye stika. Stika huchakaa, na wengine huzibadilisha. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, na utaona prosesa, RAM na aina ya diski bila kumwuliza mtu.

Nimepata nzuri yenye Windows 10. Ina shida?

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Itaendelea kuwaka, lakini viraka vya usalama vya kawaida havitolewi tena. Kwa hiyo swali lako liwe: mashine hii inapokea Windows 11? Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, chipu ya usalama ya TPM 2.0, na RAM isiyopungua GB 4. Hapo ndipo ilipotoka ile namba nane niliyoitaja juu. Ikiwa tayari unayo ya kizazi cha sita au cha saba, soma swali la laptopu ya zamani karibu na mwisho.

## Mezani kwa muuzaji

Nikague nini, na kwa mpangilio gani?

Nenda mchana, ukiwa na simu yenye bando, flashi moja na spika za masikioni. Omba nusu saa. Usione haya: fedha yako ikishavuka meza, kuirudisha ni kazi.

Anza ikiwa imezimwa. Fungua na ufunge kioo mara kadhaa ukishika pembe moja. Bawaba ikilia au plastiki ya pembeni ikiachana, baada ya miezi michache itapasuka. Tazama skrubu za chini: vichwa vilivyolika vinakwambia imefunguliwa mara nyingi. Ilaze juu ya meza iliyo tambarare. Ikibembea, au tachipadi ikiwa imeinuka katikati, shuku betri iliyovimba, na hiyo usiinunue kwa bei yoyote kwa sababu inaweza kushika moto.

Iwashe. Weka picha nyeupe tupu ijaze kioo, kisha nyeusi. Kwenye nyeupe utaona madoa na vivuli vya njano. Kwenye nyeusi utaona vidoa vinavyowaka na mwanga unaovuja pembeni. Fungua programu ya kuandikia ubonyeze kila herufi, kila tarakimu, na funguo za pembeni ambazo watu husahau: Tab, Delete, mishale. Chomeka flashi kwenye kila tundu la USB. Chomeka spika za masikioni. Fungua kamera na ujirekodi ukisema maneno mawili, kisha usikilize. Unganisha waifai kwenye hotspoti ya simu yako, siyo ya duka.

Sasa ifanyishe kazi. Cheza video mtandaoni kwa dakika ishirini huku ukiendelea na mengine. Feni kusikika ni kawaida. Feni inayokwaruza, au mashine inayojizima yenyewe, si kawaida hata kidogo. Wakati huohuo chezesha polepole waya wa chaja pale unapoingia: chaji ikikatika na kurudi, tundu limelegea.

Mwisho, linganisha namba ya kiwandani (serial number) iliyo chini ya laptopu na ile iliyomo kwenye BIOS (jinsi ya kuingia iko kwenye swali la nenosiri hapa chini). Zikitofautiana, ubao au mfuniko umebadilishwa.

Betri nitaijuaje, wakati dukani inaonyesha asilimia 100?

Hiyo asilimia 100 ni ya uwezo uliobaki. Haikwambii betri ilikuwa na uwezo gani ilipozaliwa. Fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Windows itatengeneza ripoti na kukuonyesha ilipoihifadhi. Ifungue, tafuta mistari miwili: Design Capacity ni uwezo wa kiwandani, Full Charge Capacity ni uwezo wa leo. Ya kwanza ikiwa 50,000 na ya pili 30,000, betri imebaki na asilimia 60.

Kwa iliyotumika, juu ya asilimia 70 nafurahi, na kati ya 50 na 70 naomba punguzo. Chini ya hapo hesabu bei ya betri nyingine ndani ya bei ya laptopu. Chomoa pia chaja wakati wa ile video ya dakika ishirini uone asilimia zinashuka ngapi. Ripoti inaweza kukosea, hasa betri ikiwa imebadilishwa na ya bandia, lakini ule mteremko unauona kwa macho yako.

Muuzaji hataki niishikeshike. Nifanyeje?

Shukuru, aga, nenda duka la pili.

Nimeambiwa SSD ni GB 256 lakini naona 238. Nimepunjwa?

Hapana. Mtengenezaji anahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, Windows inahesabu kwa kipimo kikubwa kidogo. 256 ya kiwandani huonekana 238, na 512 huonekana kama 476. Ukiona 119 hapo ndipo uulize, maana hiyo ni ya GB 128.

Kuna haja ya risiti kwa kitu kilichotumika?

Ipo, na kubwa. Wengi tunaisikia kila siku kaulimbiu ya TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti", tukidhani ni habari ya kodi peke yake. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ndiyo ushahidi wako kwamba laptopu hii hukuiokota wala hukuiiba. Omba iandikwe aina ya mashine na ile namba ya kiwandani, au muuzaji aiandike kwenye karatasi ya duka yenye mhuri pamoja na siku za dhamana. Ipige picha na ujitumie kwa barua pepe. Siku laptopu ikiibwa hosteli, polisi watakuuliza namba hiyo kwanza.

## Kufuli za mwenye mali wa zamani

Nenosiri la BIOS ni nini, na kwa nini kila mtu ananitisha nalo?

BIOS ni programu ndogo iliyo ndani ya ubao, inayoamka kabla ya Windows. Unaiingia kwa kubonyeza F2 kwenye Dell nyingi, F10 kwenye HP, F1 kwenye ThinkPad, mara tu unapowasha. Ikifunguka bila kuuliza chochote, sawa. Ikidai nenosiri, na muuzaji hana, iache.

Mashine yenyewe itakuwa inafanya kazi vizuri, na hapo ndipo watu wananaswa. Siku Windows ikiharibika na ukahitaji kuiwasha kwa flashi, huenda usiweze. Wapo wanaosema "toa tu ile betri ndogo ya ndani". Kwenye ThinkPad hilo halisaidii: nenosiri la msimamizi limehifadhiwa mahali pengine, na msimamo wa Lenovo ni kubadilisha ubao mzima.

Muuzaji anasema "ilikuwa ya kampuni". Hilo ni tatizo?

Karibu zote zilikuwa za kampuni. Tatizo ni kampuni ambayo haikuiondoa kwenye orodha yake. Makampuni huziandikisha laptopu zao kwa Microsoft kwa mfumo unaoitwa Autopilot, na uandikishaji huo unafuata ubao wenyewe. Ukifuta kila kitu na kuweka Windows upya, mashine ikigusa tu intaneti inaitambua kampuni yake na kudai barua pepe ya mfanyakazi.

Binti wa dada yangu alinunua laptopu safi kabisa, akaitumia muhula mzima. Fundi alipoipiga Windows upya, ikatokea nembo ya kampuni ya nchi ambayo hajawahi kufika, inamdai nenosiri. Aliyemuuzia alikuwa ameiandaa bila intaneti, na inawezekana hata yeye hakujua. Alilia, na wiki hiyo alikuwa na mitihani.

Kwa hiyo fanya mambo mawili dukani. Fungua Settings, sehemu ya Accounts, kisha Access work or school: pasiwe na jina la kampuni yoyote. La pili, ambalo ndilo la uhakika, mwombe muuzaji airejeshe hali ya kiwandani mbele yako na kuiunganisha na hotspoti yako mwanzoni mwa maandalizi. Inachukua muda, pengine saa nzima. Nenda ukanywe chai urudi. Ikikuuliza nchi, kibodi na akaunti yako mwenyewe, bila kutaja kampuni, iko huru.

Na MacBook?

Zile za 2018 na kuendelea, nyingi zina kufuli ya iCloud, yaani akaunti ya Apple ya mwenye mali. Mwenye wa zamani lazima awe ameondoa akaunti yake kabla hujalipa. Hakuna fundi wa kuifungua kihalali, hata akuahidi vipi.

## Siku ya kwanza nyumbani

Nianze na nini?

Kama hukuirejesha hali ya kiwandani dukani, ifanye sasa. Hujui nani aliitumia na aliacha nini ndani. Chagua kufuta kila kitu. Kisha weka nenosiri lako, sasisha Windows mpaka iseme hakuna kilichobaki, na baada ya hapo ndipo uanze kuweka programu. Masasisho ya kwanza ni mazito, kwa hiyo tumia waifai ya chuo au maktaba ukiweza.

Siku hiyohiyo chagua mahali pa pili pa kuhifadhi kazi zako. Google Drive inatoa GB 15 bure, OneDrive GB 5, na flashi iliyofungwa kwenye funguo za chumba nayo ni kitu. Nimeona ripoti za utafiti za mwaka wa tatu zikipotea na laptopu moja. Faili lililo mahali pamoja tu, lihesabu kama unalo kwa mkopo.

Windows yangu ni ya kuchakachua? Nitajuaje?

Settings, System, Activation. Ikisema imeamilishwa kwa leseni ya kidijitali, kwa kawaida uko salama: leseni hiyo imefungwa kwenye ubao na itarudi yenyewe hata ukiipiga upya, mradi ni toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ikitaja seva ya KMS (mfumo wa makampuni wa kuamilisha Windows nyingi) au shirika usilolijua, kuna mtu ametumia programu ya kuvunja kufuli. Programu hizo hukutaka uzime ulinzi wa Windows kwanza, na ukishafungua mlango huo hujui na nani mwingine ameingia. Laptopu nyingi za ofisini zilizaliwa na leseni halali ndani ya ubao, kwa hiyo mara nyingi kuipiga upya kwa flashi safi kunatosha.

Lazima ninunue Office na antivairasi?

Hapana kwa yote mawili. Kwa kuandika, LibreOffice ni ya bure kabisa na inafanya kazi bila intaneti. Uliza pia chuoni kama barua pepe ya mwanafunzi inakupa Office ya mtandaoni, maana Microsoft huitoa bure kwa vyuo vilivyojiandikisha. Kwa ulinzi, Defender imo ndani ya Windows tayari. Iache ikiwa imewashwa, na ikague kila flashi inayotoka steshenari ya kuchapishia, huko ndiko virusi vinakopeana mikono.

Bando la mwezi limekwisha usiku mmoja. Laptopu imekula nini?

Simu ilikuwa inasoma bando kidogo kidogo, laptopu ikaona waifai ikadhani ni ya bure. Ilikuwa inapakua masasisho. Fungua Settings, Network & internet, Wi-Fi, gusa jina la hotspoti yako, kisha washa Metered connection. Hapo Windows inajua unalipia kila MB na itaahirisha mengi yaliyo mazito. Usiiache hivyo mwaka mzima: ukifika kwenye waifai ya chuo, acha masasisho yaingie.

Nikibonyeza Y inaandika Z. Imeharibika?

Haijaharibika, imetoka Ujerumani. Kibodi za huko zimebadilishana Y na Z, na za Ufaransa na Ubelgiji zinaanza na AZERTY. Ongeza mpangilio wa Kiingereza kwenye Time & language, na herufi zitakaa kama ulivyozoea simuni. Maandishi ya juu ya vitufe yatabaki ya Kijerumani. Stika zipo madukani, lakini baada ya wiki mbili vidole vitakuwa havizihitaji.

## Umeme na chaja

Naweza kutumia chaja ya simu?

Kama laptopu inachajiwa kwa USB-C, tundu ni moja lakini nguvu si moja. Laptopu nyingi zinataka wati 45 au 65, na chaja ya simu ya wati 18 itakataliwa au itachaji kwa mwendo wa konokono. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Ikiandika 100–240V, umeme wetu wa volti 230 inauweza hata kama imetoka Marekani. Utahitaji adapta ya plagi tu. Kwa matundu ya duara, volti lazima zilingane na za asili, na wati zisipungue.

Umeme wa kwetu unakatika na kurudi kwa kishindo. Nifanyeje?

Ukikatika, chomoa chaja, endelea na betri. Hicho ndicho kinachoifanya laptopu ifae kuliko kompyuta ya mezani. Usichomeke tena mpaka umeme utulie dakika chache. Kifaa cha kukinga friji au runinga kinaikinga na chaja pia.

Niiache kwenye chaja muda wote?

Ukikaa nayo mezani siku nzima, weka kikomo cha asilimia 80. Dell, HP na Lenovo za ofisini zina mpangilio huo kwenye BIOS au kwenye programu zao. Zaidi ya chaja, joto ndilo linaloua betri: usiifanyie kazi juu ya godoro, maana linaziba matundu ya hewa.

## Yanayotokea mara chache

Imewaka na kioo cha buluu kinadai tarakimu 48.

Hiyo ni BitLocker, ulinzi wa diski. Ukiwa uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo umehifadhiwa humo: tumia simu, ingia kwenye akaunti yako, utaukuta kwenye orodha ya vifaa. Usikubali fundi afute kila kitu kabla hujautafuta. Ukiwa bado hujapatwa na hili, uandike leo kwenye daftari.

Nina ya zamani sana, hairuhusu Windows 11. Niitupe?

Usiitupe. Iwekee SSD na Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, unaoanzia RAM ya GB 2 ingawa GB 4 ndiyo inayostarehesha. Ipo pia Ubuntu, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu utu. Ubuntu ya leo inataka mashine yenye nguvu zaidi, kwa hiyo kwa iliyochoka anza na Mint. Tahadhari moja: kama chuo kinatumia programu ya Windows tu, mfano ya michoro au takwimu, ulizia kwanza.

Imemwagikiwa chai.

Zima kwa kushikilia kitufe cha umeme, chomoa chaja, igeuze kama hema ili kioevu kitoke kupitia kibodi. Usiiwashe "kujaribu tu", maana hapo ndipo nyingi zinapokufa. Chai ya maziwa na sukari huacha utando unaokula ubao, hivyo hata ikionekana imekauka ipeleke kwa fundi aifungue na kuisafisha.

Kila nikiwasha, saa inarudi miaka nyuma na tovuti zinakataa kufunguka.

Betri ndogo ya ubao imekwisha, mara nyingi ni ya duara iitwayo CR2032. Tovuti hukagua tarehe kabla ya kukuamini, na tarehe ikiwa ya uongo zinakataa. Rekebisha saa kwa mkono ili umalize kazi ya leo, kisha mpelekee fundi aibadilishe. Ni kazi ya dakika chache. Kwenye laptopu nyingi betri hiyo ina waya wake mdogo, kwa hiyo mwambie aina ya mashine yako kabla hujaondoka nyumbani.